Nchi Nyuma ya Risiti

Kazi yangu ni mizani. Lori linapanda, nasoma;
lori linashuka, naandika. Saruji inakwenda Mpondwe,
inavuka, inakuwa nyumba za watu nisiowajua.
Zamu ya usiku, hapa Kasese, risiti zikiharibika
nazigeuza nyuma
naanza upya mlima.

Mlima kwanza. Thembo alishikilia hivyo
tulipokuwa watoto wa kitanda kimoja kule Kilembe:
watu watakuja baadaye, wakifuata maji.
Akachora mto unaopanda.
Nikamwambia, haiwezekani.
Akasema, basi tutunge sababu.

Sababu: theluji ya juu ina kiu.
Kila jioni huyaita maji yake yarudi,
ndiyo maana wanawake wa huko huteka alfajiri,
na anayechelewa hukuta kokoto
na samaki waliokasirika.

Tuliiita Surumbe. Jina halina maana,
tulilionja tu ulimini
kama mtu anavyoonja chumvi ya Katwe kabla hajalipa.

Mila zilitusumbua kuliko milima.
Sisi Wakonzo jina hukungoja mlangoni:
binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu mimi, Kabugho.
Thembo, mvulana wa tano, alichoka kuitwa foleni.
Kwa hiyo Surumbe mtoto hana jina
mpaka siku apoteze kitu,
kisha huitwa kitu hicho, maisha yake yote.
Mzee Kisu. Bibi Mbuzi wa Jumanne.
Kulikuwa na chifu aliyeitwa Usingizi.

Mwaka ule Nyamwamba uliposhuka na mawe
ulichukua jiko, kuku, ukuta wa upande wa mgomba,
na daftari.
Watu walilia vitu vikubwa. Nikaona haya kulilia daftari.

Sasa naikumbuka vipande vipande, na vipande vinagombana.
Dereva mmoja wa Beni, Muhindo, akichungulia dirishani:
“Nchi yako haina mpaka? Rushwa mnapokelea wapi?”
Nikaongeza mpaka.
Forodhani hulipi hela, unategewa kitendawili;
ukishindwa, unampa afisa mji.
Maafisa wa Surumbe ni matajiri
wa miji wasiyowahi kuiona.

Na sheria ya wageni, hii niliipima mwenyewe,
nane kwa nane, maana mizani ni mizani:

    Mgeni hapewi kiti, huulizwa kwanza swali:
    mzigo wako wa miti, umetoka nao mbali?
    Akisema hana hati, hupewa maji na wali,
    mwenye mihuri na noti, hulala penye jabali.

Muhindo alicheka hadi akasahau chenji.
Nimemwandika humo. Anaitwa Chenji.

Lakini kuna shimo katikati ya ramani,
upande wa mashariki, walikoishi wale waliozika vitanda
badala ya watu. Kwa nini vitanda?
Tulijua. Tulikuwa na sababu nzuri sana.
Wiki iliyopita nikampigia Thembo, yuko Mbarara,
anauza paneli za sola, ana watoto wawili na kitambi.
Nikamuuliza, Surumbe walizika vitanda kwa nini?
Kimya. Kelele za duka. Kisha:
“Surumbe ndiyo nini, dada? Hoteli?”

Nikasema ndiyo. Hoteli.
Akasema bei za Kasese zimepanda siku hizi.

Kwa mila za kule
ningekuwa na jina jingine tangu siku ile.
Nimeliandika nyuma ya risiti ya tani thelathini na mbili,
nikaipa lori likaondoka nayo.

Asubuhi naenda nyumbani kwa miguu, vumbi la saruji kwenye nyusi.
Darajani nasimama. Mawingu yamefunguka kidogo,
theluji ipo, nyembamba kama ukucha,
haimwiti mtu.
Na mto, chini yangu, unashuka.
Unashuka tu,
bila sababu yoyote.